Kuumbũra na Kuumbua: Uteuzi wa Neno katika Ukristo wa Nyeri, 1926–1960

Mjadala wa adabu ya ulimi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa pwani. Tunapotaka kuwaonyesha wanafunzi wetu jinsi neno linavyopimwa kabla halijatamkwa, tunawarudisha kwenye Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo mama anamwusia bintiye namna ya kusema na namna ya kunyamaza. Hapana ubaya katika hilo. Ubaya ni kwamba zoea hili limetusahaulisha historia nyingine ya neno, iliyotokea kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika Nyeri, Karatina na Murang'a, ambako Wakristo wa karne ya 20 waligombana, wakatengana, na baadhi yao wakauawa kwa sababu ya maneno waliyokubali au waliyokataa kuyatamka. Makala haya yanadai kwamba swali lililowagawa watu hao halikuwa neno lipi ni la adabu, bali neno lisemwe mbele ya nani.

Tuanze na meza ya mfasiri. Misheni ya Kipresbiteri ya Tumutumu, karibu na Karatina, iliasisiwa na Waskoti mnamo miaka ya 1908 na 1909. Mmoja wa wamisheni wake wa mwanzo, Arthur Ruffell Barlow, alichapisha sarufi ya Kigĩkũyũ mwaka 1914 na akawa mtu wa mbele katika kazi ya kufasiri. Agano Jipya lilitoka mwaka 1926. Jina la Mungu lilichukuliwa kama lilivyokuwa midomoni mwa watu, yaani Ngai, neno ambalo Wagĩkũyũ wanashirikiana na Wamaasai. Ng'ambo ya mlima, Biblia ya Kimeru ikashika Murungu, ambalo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kulitambua. Hayo hayakuzua ugomvi mkubwa. Ugomvi ulizuka kwenye neno ambalo pengine mfasiri hakulikesha usiku.

Mariamu, mama wa Yesu, aliitwa mũirĩtu. Katika Kigĩkũyũ cha wakati ule mũirĩtu hakuwa msichana yeyote tu. Alikuwa msichana aliyekwisha kutahiriwa na kuingizwa katika rika lake. Asiyetahiriwa aliitwa kĩrĩgũ, na kumwita hivyo msichana aliyekua lilikuwa tusi. Mfasiri alibanwa pande zote mbili: neno la heshima lilibeba tohara ndani yake, na neno lisilobeba tohara lilibeba dharau. Alichagua heshima. Mwaka 1929, misheni za Kiprotestanti zilipowataka waumini waikane tohara ya wasichana, chaguo hilo likawa hoja mikononi mwa wapinzani. Ikiwa Maandiko yenyewe yanamwita Mariamu mũirĩtu, basi kwa amri ya nani kinakatazwa kile kinachomfanya msichana awe mũirĩtu? Baadhi ya waandishi wameichukulia hoja hii kama kichekesho cha historia. Mimi naiona kuwa ni uhakiki wa matini, tena uhakiki makini, uliofanywa na watu walioisoma tafsiri kwa uangalifu kuliko walivyotarajiwa na walioitoa. Kukubali hivyo si kuitetea tohara yenyewe.

Kanisa la Waskoti lilijibu kwa kĩrore, yaani alama ya kidole gumba. Muumini alitakiwa kutia kidole chini ya tamko la kuikana tohara na kukikana chama cha Kikuyu Central Association. Waliotia wakaitwa kwa jina la alama hiyo. Waliokataa wakatoka, na kutoka kwao kukazipa nguvu shule na makanisa ya kujitegemea. Wakatoliki wa Consolata, waliokuwa Nyeri tangu mwaka 1903, hawakudai tamko la namna hiyo, na dhoruba ikawapitia kando. Kwa madhumuni yetu, jambo la kuzingatia ni umbo la tendo lenyewe: uaminifu wa Mkristo ulipimwa kwa maneno yaliyotungwa na mwingine, ambayo huenda mwenye kidole hakuweza hata kuyasoma.

Uamsho wa Afrika Mashariki uliligeuza jambo hili juu chini. Uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukafika Kenya ya kati mwaka 1937, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaingia Tumutumu kwa kishindo. Wafuasi wake waliitwa ahonoki, waliookoka. Kiswahili kiliwaita walokole kwa kufuata Kiganda, kama vile wimbo wao mkuu, Tukutendereza, ulivyobaki na neno lake la Kiganda hata vinywani mwa watu wasiokijua. Hapa hapakuwa na karatasi wala kidole. Mtu alisimama mbele ya kusanyiko na kusema dhambi zake kwa kinywa chake mwenyewe. Wala haikutosha kusema kwamba amekosa. Alitaja: nimeiba, nimezini, nimemchukia fulani. Kilichoibwa kilirudishwa, na aliyechukiwa akaendewa nyumbani kwake.

Kitenzi cha Kigĩkũyũ kwa tendo hili ni kuumbũra, kufunua. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ina kuungama, neno la kukiri, lisilo na picha ya kifuniko kinachoondolewa. Hata hivyo Kiswahili kina neno linalokaribia kuumbũra kwa sauti, nalo ni kuumbua: kutoa hadharani kasoro za mtu, kumwaibisha. Sidai kwamba maneno haya yana mzizi mmoja. Kufanana kwa sauti si ushahidi, na isimu linganishi imeteswa vya kutosha na watu wa aina hiyo. Lakini sijapata njia fupi zaidi ya kueleza kilichotokea Tumutumu. Walokole walikuwa wakiumbũra. Wazee waliokuwa wakiwasikiliza walisikia kuumbua.

Na wazee hawakuwa wajinga wala hawakuwa na roho mbaya. Methali ya Kigĩkũyũ husema cia mũciĩ ti como, kwamba mambo ya nyumbani si ya kutolewa nje. Heshima ya mwenye mji ilisimama juu ya uwezo wake wa kuyamaliza yake ndani ya ua wake. Mtu asiyeweza kuitawala nyumba yake angesimamaje kuzungumza juu ya ardhi, kodi na serikali? Mwanamke aliyesimama kanisani na kuungama uzinzi alikuwa, kwa sentensi hiyo hiyo, amemtaja mwanamume, amemtangaza mume wake kuwa ni mtu aliyechezewa, na pengine ametia shaka juu ya nasaba ya mtoto. Hakuna ungamo la mtu mmoja. Derek Peterson, katika makala yake ya mwaka 2001 kuhusu wanawake wa Uamsho kaskazini mwa Ugĩkũyũ, ameonyesha kwamba lawama kubwa dhidi yao ilikuwa wingi wa maneno, na kwamba ugomvi huo wa kanisani ulikuwa pia ugomvi wa kisiasa na wa kijinsia.

Naafikiana naye, ila mhakiki wa fasihi ana la kuongeza. Lawama ya wingi wa maneno isitufanye tudhani kwamba ushuhuda wa walokole ulikuwa mmwagiko usio na mipaka. Ulikuwa utanzu, wenye kanuni kali pengine kuliko za shairi. Msemaji hutumia nafsi ya kwanza. Huipa dhambi jina lake, bila kuivika tafsida. Hasimulii mno starehe za maisha ya zamani, maana anayezisimulia kwa ladha anashukiwa bado anazitamani. Humaliza kwa msalaba na wimbo, na ndugu waliomsikiliza wana haki ya kumwambia, pale pale, kwamba hajasema yote. Tafsida, ambayo pwani tumeizoea kama kilele cha adabu, hapa ilihesabiwa kuwa aina ya uongo. Hiki ni kipimo kingine cha uteuzi wa neno, na wanafunzi wetu hawakikuti popote katika vitabu vya nadharia tunavyowapa.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na neno likapata bei mpya. Kiapo cha Mau Mau kilikuwa kifungo cha siri. Walokole wengi walikikataa, na wengi wao hali kadhalika walikataa kubeba bunduki za serikali. Tumezoea kueleza kukataa huko kwa imani, na ni sawa. Lakini tukumbuke pia mazoezi waliyokuwa nayo. Watu waliokwisha kuyasema hadharani ya vyumbani mwao walikuwa wamejifunza, kwa miaka, kutokuwa na siri. Baadhi waliuawa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo mjini Murang'a, ambalo Elimo Njau alilichorea kutani maisha ya Kristo yakiwa katika mandhari ya Ugĩkũyũ, ni ukumbusho wao. Kiswahili huwaita mashahidi, neno lile lile la mtu anayetoa ushuhuda.

Ila neno la kanisa halikubaki upande mmoja. Gakaara wa Wanjaũ, aliyezaliwa Tumutumu mwaka 1921, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri, alitunga mwaka 1952 imani ya Gĩkũyũ na Mũmbi kwa kufuata umbo la Imani ya Mitume aliyolelewa nayo. Alijua kwamba msomaji wake angeusikia mdundo wa ibada kabla hajaipima hoja. Serikali nayo ilijua: mwaka huo huo alikamatwa, akahamishwa kutoka kambi hadi kambi kwa miaka mingi. Shajara yake ya kizuizini, iliyochapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984, inatuonyesha mgeuko wa mwisho wa kitenzi chetu. Kambini, kukiri kiapo ndiko kulikokuwa mlango wa kuelekea nyumbani. Tendo ambalo mlokole alilifanya kwa hiari mbele ya ndugu sasa lilidaiwa na ofisa, mara nyingine kwa kipigo, na wahubiri hawakukosekana miongoni mwa waliolihimiza.

Kuhusu wanawake wa Tumutumu wenyewe, mtafiti atakabiliwa na tatizo la matini ambalo halina ufumbuzi rahisi. Walisema kwa kinywa, katika mikutano ambayo haikuwa na karani. Mengi tuliyo nayo ni yale yaliyoingia katika kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa, kwa kalamu ya wanaume waliokuwa wakijadili namna ya kuwanyamazisha. Walokole wachache wa kizazi hicho, walio wazee sana, bado wanaweza kupatikana katika vijiji vya Mathira na Tetu, na utaratibu wa ushuhuda wao haujabadilika: ukimwuliza mama wa namna hiyo akueleze historia ya Uamsho, ataanza na dhambi yake mwenyewe, kwa jina lake.