Ubingwa wa Honolulu Ulioanzia Washington

Desemba 1979, katika mji mdogo wa Carbondale jimboni Illinois, wasichana wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikuwa nyuma kwa seti mbili bila mbele ya Utah State, mabingwa watetezi wa mpira wa wavu wa vyuo vya Marekani. Kwa kanuni za siku zile kujitoa hapo kulikuwa kazi ngumu kuliko leo, kwa sababu pointi ilihesabiwa kwa upande ulioanzisha mpira peke yake. Ukishinda mpira ulioanzishwa na mpinzani, ulichopata ni zamu ya kuanzisha na si zaidi. Wakazibeba seti tatu zilizobaki na kutwaa taji la kwanza la taifa la timu hiyo, maarufu kwa jina la Rainbow Wahine. Msimu kama huo ni rahisi kuusimulia kama hadithi ya moyo wa ushujaa, na moyo kweli ulikuwepo. Ila moyo ulikuwepo pia mwaka 1974, 1975 na 1977, na mara zote tatu walifika fainali wakafungwa, mara mbili na UCLA na mara moja na USC. Timu inayocheza fainali nne ndani ya miaka sita haikubebwa na bahati ya usiku mmoja. Kinachohitaji maelezo ni namna chuo ambacho mwaka 1971 hakikuwa hata na mkurugenzi wa michezo ya wanawake kilivyoweza kufika pale mara nyingi kiasi hicho, na maelezo hayo, kwa maoni yangu, yanapatikana kwenye sheria na hesabu za fedha kabla ya kupatikana uwanjani.

Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alitia saini marekebisho ya sheria za elimu. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha maneno 37 ya Kiingereza, kinachojulikana hadi leo kama Title IX, kilichopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Michezo haikutajwa humo hata mara moja. Miongoni mwa waliokipigania Bungeni, pamoja na Edith Green wa Oregon na Seneta Birch Bayh wa Indiana, alikuwamo Patsy Mink, mbunge wa Hawaii mzaliwa wa Maui, mwanamke aliyewahi kukataliwa na vyuo vya udaktari alivyoomba. Jimbo lake lilikuwa tayari kumsikiliza: miezi mitatu kabla, tarehe 22 Machi, Hawaii ilikuwa jimbo la kwanza kuidhinisha pendekezo la kuingiza usawa wa wanawake kwenye Katiba ya Marekani. Mwaka huohuo chuo kikuu kikamteua Donnis Thompson, mwanamke Mweusi kutoka Chicago aliyekuwa amefika visiwani kufundisha riadha, kuwa mkurugenzi wake wa kwanza wa michezo ya wanawake. Mpira wa wavu ulikuwa miongoni mwa michezo aliyoanza nayo.

Hapa mpinzani mwenye hoja atasema: Hawaii haikuhitaji sheria ili icheze mpira wa wavu. Ana haki ya kusema hivyo. Klabu ya Outrigger Canoe pale Waikiki ilikuwa na wavu mchangani tangu mwaka 1915, na mchezo huo ulienea ufukweni, kwenye bustani za umma na shuleni. Wachezaji walikuwepo tele. Lakini hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho inamgeukia aliyeitoa, kwa sababu utamaduni huo ulidumu zaidi ya nusu karne bila kukizalia chuo kikuu timu ya wanawake iliyoweza kwenda kugombea ubingwa wa taifa. Utamaduni unazaa vipaji, ila haukati tiketi ya ndege. Kutoka Honolulu hadi California, ambako wapinzani wa karibu walikuwa, ni takriban kilomita 4,000 za bahari. Hakuna basi la kukodi wala harambee ya mwisho wa juma inayoweza kuivusha timu maji hayo msimu baada ya msimu. Kwa chuo cha bara, bajeti finyu ilimaanisha safari chache. Kwa Hawaii ilimaanisha kukosa mpinzani kabisa.

Kuna pingamizi la pili, na hili ni gumu zaidi. Ubingwa wa kwanza wa taifa wa mpira wa wavu wa vyuo kwa wanawake, mwaka 1970, ulichukuliwa na Sul Ross State, chuo kidogo cha mji wa Alpine, Texas, nacho kikaurudia mwaka 1971. Hakukuwa na Title IX wakati huo. Basi sheria ya nini? Jibu ni kutazama kilichofuata: Sul Ross hawakuupata tena. Zama ambapo mwalimu mmoja mwenye bidii na wasichana wachache wa karibu waliweza kuwa mabingwa wa nchi zilikwisha mara vyuo vikubwa vilipoanza kutenga fedha. Chama cha AIAW, kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni, hapo mwanzo kilikataza kabisa kumpa mwanamichezo ufadhili wa masomo, kwa hofu (isiyokuwa ya kipuuzi) kwamba biashara iliyoharibu michezo ya wanaume ingeharibu na ya wanawake. Mwaka 1973, kesi iliyofunguliwa na wachezaji na walimu wao huko Florida ililazimisha katazo hilo liondolewe. Kuanzia hapo msichana wa Oahu angeweza kulipiwa masomo kama kaka yake anayecheza futiboli ya Kimarekani, na fainali za 1974 na 1975 zilikuja muda mfupi baadaye.

Ushindi wa kisheria wenyewe nusura upotee. Julai 1975, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura juu ya marekebisho yaliyopendekezwa na mbunge Casey wa Texas, yaliyolenga kuziachia shule ziendelee kuwatenga wasichana na wavulana katika madarasa ya elimu ya viungo bila kunyimwa fedha. Mink, aliyekuwa akiongoza upinzani, alitoka ukumbini baada ya kupata habari kwamba binti yake amepata ajali ya gari. Upande wake ukashindwa kwa kura moja, 212 kwa 211. Spika alipoeleza kilichomtoa, Baraza likarudia kura siku mbili baadaye, na safari hii Mink akashinda 215 kwa 178. Hata kama marekebisho hayo hayakuzungumzia ubingwa wa vyuo, yangekuwa tundu la kwanza kwenye ukuta, na waliotaka kutoboa la pili walikuwa wengi.

Wapo watakaosema namsahau kocha. Dave Shoji aliichukua timu mwaka huohuo wa 1975, akakaa nayo hadi 2017 na kuondoka na ushindi wa mechi 1,202. Ni upuuzi kumwita bahati nasibu. Lakini fainali ya 1974 ilichezwa kabla hajafika, na kocha hadumu miaka 42 mahali ambapo hakuna kazi ya kudumu nayo. Wengine watalipunguza thamani taji la 1979 kwa kuwa lilikuwa la AIAW na si la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo. NCAA ilianza kuwaandalia wanawake ubingwa wa mpira wa wavu mwaka 1981. Kabla ya hapo taji la AIAW ndilo lililokuwepo. Na mwaka 1982, kule Stockton, Hawaii ilichukua la NCAA pia, dhidi ya USC, tena baada ya kuwa nyuma kwa seti mbili bila.

Sikubali, hata hivyo, kwamba Title IX ilileta faida tupu. Ilipowekwa sahihi, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia, kazi hizo zikaanza kuwavutia wanaume, na sehemu ya wanawake ikashuka mpaka chini ya nusu. AIAW, chama kilichoundwa na kuongozwa na wanawake, kilimezwa na NCAA na kufa mwaka 1982. Kwa Hawaii, kiti cha kocha mkuu kilikaliwa na mwanamume tangu Shoji alipokipokea hadi alipostaafu. Aliyemrithi ni Robyn Ah Mow, mpangaji wa mipira aliyeichezea timu hiyohiyo miaka ya 1990 kabla ya kwenda Olimpiki tatu na kurudi na medali ya fedha ya Beijing 2008.