Bima Isiyouguza: Matunzo ya Uzeeni Kilwa na Mnada wa Ufuta

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliikabidhi familia jukumu la kumtunza mzee, na makao ya wazee yakabaki kimbilio la mwisho. Mwaka huohuo Daraja la Mkapa lilifunguliwa kwenye mto Rufiji. Kijana anayepanda basi Nangurukuru, wilayani Kilwa, kwenda Dar es Salaam hasubiri tena pantoni, na familia ile iliyokabidhiwa mzee sasa inaishi pande mbili: kipato mjini, mgonjwa Kilwa. Fedha hurudi kwa simu. Lakini mzee aliyepooza kwa kiharusi anahitaji wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha, na kwa kawaida ni binti au mkamwana anayeacha shamba lake kwa kazi hiyo.

Watetezi wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 wanaona pengo hili la kuuguza litazibika. Sikubaliani nao. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ulilipia tiba. Sheria mpya nayo msingi wake ni tiba. Mzee akiruhusiwa kutoka Hospitali ya Kinyonga, bima imemaliza kazi yake, na kuuguza ndiyo kwanza kunaanza.

Kinachohitajika ni bima ya matunzo, inayolipia kuuguza kwenyewe. Hoja nzito zaidi dhidi yake ni ya wanaosema bima hiyo ni ya nchi za mishahara. Ujerumani iliianzisha 1995, Japani 2000, na zote mbili hutegemea michango inayokatwa kwa utaratibu. Mkulima wa Kilwa, wanasema, atakatwa wapi? Atakatwa mnadani. Korosho na ufuta huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na mfumo wa stakabadhi ghalani: mzigo unapimwa, unaandikwa kwa jina la mkulima, na malipo hutoka yakiwa yameshakatwa tozo. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuelekea mwisho wake. Kwa hiyo mwenye mazao yote mawili ana nafasi mbili za kuchangia, tena wakati ana fedha.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Wakulima 1,000, kila mmoja kilo 500, wakichangia shilingi 20 kwa kilo, watapata milioni 10 kwa msimu. Anayeuguza akilipwa 60,000 kwa mwezi, fedha hiyo inatosha kaya 13 kwa mwaka mzima. Ni chache, lakini si kila mzee hulala kitandani miaka mingi. Hapo ndipo bima inapotofautiana na pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi: pensheni humfikia kila aliyefikisha umri, bima humfuata aliyepatwa.

Wakulima wamechoshwa na makato, na wana haki. Ndiyo maana mchango huu uamuliwe na mkutano mkuu wa AMCOS, kwa daftari lililo wazi. Wavuvi wa Kilwa Kivinje, wasiouza kupitia AMCOS hizi, watahitaji njia yao, pengine kupitia mialo. Jambo ambalo singekubali lijadiliwe upya ni mlipwaji. Ujerumani huruhusu fedha itolewe kwa matunzo ya nyumbani yanayofanywa na ndugu. Kilwa ifanye hivyo, na malipo yaandikwe kwa jina la mwanamke anayeuguza, hata kama jina lililoko kwenye daftari la AMCOS ni la mumewe.