Iqyax: Chombo cha Waunangan na Majina Yake

Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na chombo cha baharini cha wenyeji wa visiwa vya Aleuti, ni rahisi akimbilie neno "mtumbwi". Kwa maoni yetu neno hilo halifai. Mtumbwi huchongwa kutokana na gogo moja, na visiwa vile havina msitu. Vimejipanga kwa urefu wa kilomita zipatazo 1,900 kutoka rasi ya Alaska kuelekea Kamchatka. Upepo wake ni mkali, ukungu ni mwingi, na mbao zilizopatikana huko zamani ni zile zilizoletwa na mkondo wa bahari na kutupwa ufukweni. Kwa hiyo chombo chao kiliundwa kwa vijiti na kuvikwa ngozi.

Wenyeji hao hujiita Unangan. "Aleuti" ni jina walilobandikwa na Warusi, na chombo chao nacho hakikusalimika. Wao walikiita iqyax, Warusi wakakiita baidarka, yaani baidara ndogo, na leo dunia inakitia katika kapu moja na vyombo vya Wainuiti kwa jina la kayaki.

Tuangalie kwanza jinsi kilivyoundwa. Vipimo vilitokana na mwili wa mwenye chombo: pima, shubiri, upana wa vidole. Kwa hiyo chombo cha mtu mmoja hakikumfaa mwingine sawasawa, kama vile kiatu. Mataruma yalikunjwa kwa mvuke yakafungwa kwa kano za wanyama, bila msumari. Mkuku haukuwa mti mmoja, bali vipande vitatu vilivyounganishwa kwa namna iliyoviruhusu kucheza kidogo, na katika baadhi ya vyombo viungo viliwekewa vipande vya mfupa. Wimbi lilipopita chini yake, chombo kilijipinda nalo badala ya kushindana nalo. Gubeti liligawanyika mara mbili kama mdomo uliofunguka: sehemu ya chini ilipasua maji na ya juu ikakizuia chombo kisizame katika wimbi. Hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi, ingawa watafiti wangali wakibishana.

Ngozi ilikuwa ya simba-bahari, na kuishona ilikuwa kazi ya wanawake. Sindano haikutoboa ngozi hadi upande wa pili, ili maji yasipate njia. Vazi la mwindaji la kuzuia maji lilishonwa kwa utumbo wa mnyama huyo huyo. Msomaji wa kwetu anayeujua mtepe wa Lamu, au vyombo vya Waganda vya Ziwa Viktoria ambavyo mbao zake zilishonwa kwa nyuzi, hatashangaa kwamba uhai wa baharia uliweza kutegemea uzi. Ila wanahistoria humsifu zaidi mwindaji kuliko mshonaji, na tunaona hiyo si haki.

Mwaka 1741 msafara wa Vitus Bering ulifika katika maji hayo, na mabaharia waliobaki hai wakarudi na ngozi za fisi-maji wa baharini. Biashara iliyofuata iliwaangamiza wanyama na kuwatesa watu. Warusi hawakuwa na ujuzi wa kumwinda fisi-maji baharini. Ujuzi huo ulikuwa wa Waunangan, na chombo kilikuwa chao. Basi wanaume walilazimishwa kuwinda huku jamaa zao wakishikwa rehani. Waunangan wa visiwa vya mashariki walipoasi katika miaka ya 1763 na 1764, kisasi kilikuwa kikali, na miongoni mwa vitu vilivyoharibiwa ni vyombo vyao. Mtu wa kisiwani asiye na chombo hana chakula wala pa kukimbilia.

Chombo chenyewe kikabadilika. Palizuka baidarka ya matundu matatu: wapiga kafi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati abiria, ambaye mara nyingi alikuwa ofisa wa Kirusi au kasisi. Kasisi mmojawapo alikuwa Ivan Veniaminov, aliyekaa Unalaska kuanzia 1824 hadi 1834. Yeye, kwa msaada wa chifu Mwaleuti Ivan Pankov, aliiundia lugha hiyo alfabeti. Walimu wa lugha tunamheshimu kwa hilo, lakini tusisahau kwamba alisafirishwa na mikono ya watu wasiokuwa huru.

Alaska iliuzwa kwa Marekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Mwaka 1911 mkataba wa kimataifa ulipiga marufuku uwindaji wa fisi-maji baharini, na kazi kubwa ya iqyax ikakoma. Mwaka 1942, Wajapani walipovamia Attu na Kiska, watu wa Attu walichukuliwa mateka hadi Japani, na Waunangan wengine wakahamishiwa na serikali ya Marekani katika kambi mbovu za kusini-mashariki mwa Alaska. Wazee wengi walifia huko, na mengi waliyoyajua yakaenda nao.

Kuanzia miaka ya 1970 George Dyson, Mmarekani aliyeishi Kanada, aliunda baidarka kwa mabomba ya alumini na vitambaa vya kisasa, na mwaka 1986 akachapisha kitabu kuzihusu. Waundaji wengine huiga umbo hilo kwa vipande vyembamba vya mwerezi, vyenye unene wa milimita 6 hivi, vinavyogandishwa ubavu kwa ubavu kisha kufunikwa nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Vyombo hivyo hupendeza mno. Hata hivyo, gamba la namna hiyo ni gumu, halijipindi. Umbo limebaki, mwendo umeondoka. Tunaona afadhali kazi ya vijana wa Unalaska wanaojifunza kuunda kiunzi kinachonyumbuka, hata kama juu yake wanavika kitambaa badala ya ngozi.

Kwa mfasiri, basi, tunapendekeza "kayaki ya ngozi" katika maandishi ya kawaida, na iqyax penye habari za Waunangan wenyewe, ikiingizwa katika ngeli ya I-ZI: iqyax hii, iqyax hizi. "Baidarka" iachiwe sura zinazohusu utawala wa Warusi.