Adabu Iliyojengwa kwa Mawe: Baraza na Malezi katika Lamu ya Kale

Watu wazima wa pwani wakilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawaamkii wakubwa, lawama huwaangukia mama na baba moja kwa moja. Nikiitazama historia ya Lamu, naona lawama hiyo haiwatendei haki. Adabu iliyoupa mji ule sifa haikuwa kazi ya wazazi wawili waliojifungia nyumbani mwao. Ilikuwa kazi ya mtaa mzima, na mtaa uliimudu kwa sababu nyumba zenyewe zilijengwa kuirahisisha.

Chukua nyumba ya mawe ya karne ya 18, zama ambazo Lamu ilinawiri. Mbele ya mlango wa nakshi pana daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na pande zote mbili za daka pana baraza za mawe zinazotazamana. Ukivuka kizingiti unaingia tekani, ukumbi wa ndani, na ukuta umewekwa kwa namna ambayo jicho la mpita njia halifiki kiwandani, yaani ua wa ndani, walipo wanawake na watoto. Mgeni wa kiume alipokelewa palepale nje, akanywa kahawa, akapatana bei, akaenda zake, na sitara ya nyumba haikuguswa. Kwa hiyo kila mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kukaa nje, alasiri hata magharibi, na wenzake wakakaa naye. Vichochoro navyo ni vyembamba, punda mwenye mizigo akipita watu hubana ukutani. Mtoto aliyetumwa chumvi dukani alipita karibu kabisa na magoti ya wazee hao, asiweze kujifanya hakuwaona. Akipita kimya aliitwa arudi, akaulizwa ni mwana wa nani, akaamkia upya kwa sauti ya kusikika. Alipokuwa akirudi na chumvi yake walikuwa bado wapo. Hakuna mama, hata awe hodari namna gani, awezaye kumpa mtoto mazoezi ya aina hiyo akiwa jikoni.

Mji ulijisumbua hivyo kwa sababu uliishi kwa wageni. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na mabaharia wakangoja kusi ianze ndipo warudi kwao. Kwa miezi kadhaa kila mwaka vichochoro vilijaa watu wasio jamaa wa mtu yeyote pale. Salamu, kupiga hodi mara tatu na kuondoka usipokaribishwa, kumpisha aliyekuzidi umri: dini ndiyo iliyoweka msingi wa hayo, na biashara ikayapa uzito wa kila siku. Wala malezi haya ya wengi hayakuwa ya Lamu peke yake. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinamfuata mtoto tangu kuzaliwa, akapitia chuo cha Qur'ani na jandoni au unyagoni, hadi ndoa. Kila hatua inamkutanisha na mtu mwingine mbali na wazazi: mkunga, mwalimu, ngariba, kungwi.

Kuna pingamizi zito. Waungwana walipata saa za kukaa barazani kwa kuwa watumwa walikuwa wakilima mashamba ya ng'ambo, bara. Adabu yenyewe ilikuwa na ngazi. Utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858, unaosomwa hadi leo kama hazina ya malezi, unamwonya binti huyo asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hayo ni kweli na hayafai kufunikwa. Lakini pingamizi hili lingevunja hoja yangu kama malezi ya mtaa yangekufa pamoja na utumwa, uliofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hayakufa. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, aliwafundisha Qur'ani watu ambao waungwana hawakutaka wasomeshwe, watumwa na wana wao wakiwemo, na msikiti wake wa Riyadha ukawa kitovu cha mtaa wa Langoni. Watoto waliokuwa wamewekwa kando waliingia katika mpango uleule wa kulelewa na wengi. Ngazi ilipoanza kulegea, mpango wenyewe ulibaki.

Wengine watasema siri ilikuwa bakora. Walimu wa vyuo walichapa, hilo halina ubishi. Ila bakora ya mwalimu ilibaki chuoni, na aliyeamkia kichochoroni alimwamkia mzee ambaye hakuwahi kumpiga. Na wasichana? Wao hawakukaa madakani. Walivuka kwa mawikio, yale madaraja ya juu yanayounganisha nyumba na nyumba, wakalelewa na mashangazi na majirani upande wa pili wa ukuta. Mipaka yao ilikuwa mikali mno, na sitamani irudi. Hata hivyo nao hawakuachiwa mama mmoja.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ni vema madaka yake yalindwe. Lakini miji yetu mingi sasa inajengwa kwa ua na geti la chuma, wazee wako kazini hadi usiku, na mtoto hupelekwa shule kwa gari. Anayetaka kujua kwa nini mtoto wa mtaa mpya haamkii, aanze kwa kuhesabu ni watu wazima wangapi wameketi kati ya nyumba yao na duka, mahali ambapo sauti ya mtoto inaweza kuwafikia.