Fontenay: Abasia Iliyookolewa na Karatasi

Mapinduzi ya Ufaransa yalipotaifisha mali za Kanisa, abasia nyingi ziliuzwa kama mashamba. Kanisa la abasia ya Cluny, ambalo kwa karne kadhaa halikuwa na mfano kwa ukubwa katika Ukristo wa Magharibi, lilibomolewa na wanunuzi wake wakauza mawe. Clairvaux iligeuzwa gereza. Fontenay, iliyojificha katika bonde la msitu karibu na Montbard huko Burgundy, ilipata mnunuzi aliyetupia macho mto badala ya mawe. Mwaka 1791 ikawa kiwanda cha karatasi, na ndiyo maana ipo mpaka leo.

Maji hayohayo ndiyo yaliyowavuta watawa wa kwanza. Bernardo, abati wa Clairvaux, aliianzisha abasia hii mwaka 1118, na mnamo 1130 jumuiya ikahamia mahali ilipo sasa. Bonde lilikuwa la kinamasi. Watawa walichimba mifereji, wakakausha ardhi, wakaufanya mto uwatumikie. Walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile inayoongoza watawa wa Peramiho na Ndanda nchini Tanzania, lakini wao wa shirika la Cîteaux waliishika kwa ukali: sala, ukimya na kazi ya mikono.

Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1139. Fedha nyingi zilitoka kwa Ebrard, askofu wa Norwich aliyeihama Uingereza, akaishi hapo na kuzikwa hapo. Septemba 1147 Papa Eugenio III alilitabaruku. Naye mwenyewe alikuwa amepata kuwa mtawa wa Clairvaux chini ya Bernardo.

Mtindo wa kanisa hilo ni wa Kiromaneski, yaani kuta nene, madirisha madogo na dari ya mawe iliyopinda. Kanisa lina urefu wa mita 66. Dari yake inakwenda moja kwa moja kama handaki, ila kileleni imechongoka kidogo. Mawe mazito kiasi hicho husukuma kuta nje, na fundi angetoboa madirisha juu ya kuta hizo angejitafutia maafa. Kwa hiyo aliacha ukumbi wa kati bila madirisha yake, akajenga pembeni vyumba vyenye dari zilizokingama ili zipokee msukumo. Mwanga unaingia kutoka ncha mbili, mashariki na magharibi, ambako uso wa kanisa una madirisha saba. Kwangu, hapa ndipo ustadi wa Fontenay ulipo: giza la katikati limetokana na hesabu ya uzito, na bado linamfaa mtu anayesali.

Hakuna sanamu za kutisha wala vioo vya rangi. Miaka kadhaa kabla ya ujenzi, Bernardo alikuwa ameandika kwa hasira dhidi ya watawa waliojaza michongo ya mazimwi katika nyua zao huku maskini wakiwa uchi. Vichwa vya nguzo za Fontenay vina majani sahili tu, basi.

Maisha yalikuwa magumu kama jengo lenyewe. Watawa walilala pamoja katika bweni moja, juu ya mikeka ya nyasi, wakiwa wamevaa nguo zao. Ukiacha jiko, chumba kimoja tu kilikuwa na moto.

Lakini jengo linalonishangaza zaidi limesimama mbali na kanisa, kando ya mto: kiwanda cha wahunzi chenye urefu wa mita 53. Madini ya chuma yalichimbwa mlimani juu ya abasia, na magurudumu ya maji yaliinua nyundo nzito za kufulia chuma. Watu waliokimbia dunia wakajikuta wanaendesha kimojawapo cha viwanda vya mwanzo vya chuma Ulaya.

Utajiri ulikuja, na baada yake mashaka. Mwaka 1359 majeshi ya Uingereza yaliipora abasia. Kuanzia 1547 maabati waliteuliwa na mfalme, na wengi walijali mapato kuliko sala. Mwaka 1745 ukumbi wa kulia chakula ulibomolewa.

Mwaka 1820 kiwanda cha karatasi kilichukuliwa na Elie de Montgolfier, wa ukoo uleule uliobuni puto la hewa ya moto. Mwaka 1906 Edouard Aynard, mwenye benki kutoka Lyon na mpenda sanaa, aliinunua Fontenay kutoka kwa ukoo huo, akavunja majengo ya kiwanda na kurudisha sura ya karne ya 12. Alifanya kazi nzuri, ila alifuta karibu kila alama ya vibarua waliofanya kazi humo kwa zaidi ya karne moja, watu ambao bila wao asingekuta cha kukarabati.

Tangu 1981 Fontenay imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Bado ni mali ya ukoo wa Aynard, na wageni wanaruhusiwa kuingia. Ukifika, wengi watakuelekeza kanisani kwanza. Anza na kiwanda cha wahunzi, kisha uende kanisani.