Oili inavuja njia ya Ngara: Mambo ya kukagua kabla ya kumwita fundi

Tone la oili chini ya gari asubuhi ni jambo la kawaida kwa injini za dizeli za zamani. Kinachoua injini siyo tone lenyewe. Ni kuendesha bila kujua limetoka wapi, na ndani imebaki oili kiasi gani.

Hilo lina uzito kwenye barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, takriban kilomita 92 katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Hapa hupita malori ya Rwanda na Burundi ambayo madereva wake hulala na kupika humohumo njiani. Hupita pia Land Cruiser na Hiace zilizogeuzwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, tangi la maji. Baadhi huingia kwa mpaka wa Rusumo zikielekea Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, au Serengeti.

Sehemu kubwa ya njia ni pori na vilima, na gereji ziko mbalimbali. Kuna miaka ambapo mabasi yalipita mapori ya huku kwa kusindikizwa na polisi. Hata leo, si mahali pa kulala na gari bovu.

Kipimo kwanza

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika kama 10 ili oili ishuke kwenye sampu. Kijiti hutolewa, hufutwa, hurudishwa hadi mwisho, kisha hutolewa tena na kusomwa.

Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya alama ya chini, gari halipaswi kuondoka. Kujaza kupita alama ya juu nako ni kosa: krenki huipiga oili hadi itoe povu, na presha inayopanda huisukuma nje kupitia kwenye sili. Dereva anayejaza "ya akiba" anaweza kuanzisha mvujo ambao haukuwepo.

Rangi na harufu

Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu ya masizi. Weusi peke yake siyo ugonjwa. Dalili za kuogopa ni hizi:

- Imekuwa kama chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. Gari lisiwashwe tena.
- Kipimo kinapanda chenyewe na oili inanuka dizeli: dizeli inaingia kwenye injini na kuifanya oili nyepesi.
- Tone jekundu: mara nyingi ni mafuta ya usukani au ya gia boksi ya otomatiki, siyo ya injini.
- Zito na lenye harufu kali ya kiberiti: ni oili ya gia boksi au difu.

Kutafuta chanzo

Kosa la kawaida ni kununua gasketi kabla ya kujua inayovuja ni ipi. Oili hushuka chini, na upepo wa safari huirusha nyuma. Ndiyo maana sampu huonekana imelowa wakati anayevuja yuko juu yake.

Njia ya uhakika haina gharama. Injini ikiwa imepoa, huoshwa kwa brashi na maji ya sabuni, bila kuelekeza maji kwenye alteneta wala kwenye njia ya hewa. Ikikauka, sehemu zinazoshukiwa hupakwa poda ya mtoto. Gari huendeshwa kilomita 10 au 20, kisha hukaguliwa kwa tochi. Mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi ndipo pa kuanzia. Usiku, kipande cha boksi kikitandikwa chini ya gari huonyesha tone linaangukia wapi.

Wanaoongoza kwa kuvuja

Gasketi ya tapeti kava. Hukauka na kupasuka kwa joto. Oili hushuka ubavuni na inaweza kudondokea eksozi. Kwenye gari lenye godoro na mtungi wa gesi, harufu ya oili inayoungua ni ya kusimama papo hapo. Kubadili gasketi hii ni kazi ambayo mwenye gari makini anaweza kuifanya. Nati hukazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, bila nguvu nyingi.

Nati ya sampu. Washa yake hutumika mara moja. Wengi huirudisha ya zamani, ikivuja wanakaza zaidi, mwishowe uzi unaliwa.

Filta ya oili. Raba ya filta ya zamani inaweza kubaki imeganda kwenye injini. Ukifungwa mpya juu yake, oili inaweza kumwagika karibu yote ndani ya dakika chache.

Swichi ya presha ya oili. Ni ndogo na bei yake si kubwa, lakini ikipasuka hulowesha ubavu mzima wa injini.

Bomba za alteneta. Toyota nyingi za dizeli, zikiwemo za injini ya 3L, zina pampu ndogo nyuma ya alteneta inayovuta hewa kwa ajili ya breki. Hulainishwa na oili ya injini kupitia bomba la raba. Likichoka, oili huvuja. Pampu nayo ikikosa oili hufa, na breki huwa ngumu kukanyaga.

Bomba la kupumulia la injini. Likiziba, presha hujaa ndani na kutafuta pa kutokea. Kuna waliobadili sili mara mbili kumbe tatizo ni bomba lililojaa tope la oili.

Servisi ya kufanya mwenyewe

Kwa barabara za vumbi na gari lililobeba nyumba, madereva wengi hubadili oili kila kilomita 5,000. Injini ya 1HZ huchukua zaidi ya lita 9. Za Hiace huchukua pungufu ya hapo, na kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha gari. Kwa injini hizi za zamani, oili ya 15W-40 hutumika sana. Kwenye dumu, alama ya API inayoanza na C, kama CF-4 au CI-4, ndiyo ya dizeli.

1. Gari huegeshwa tambarare, breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya magurudumu, mtungi wa gesi umefungwa.
2. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gari la kulala ni zito. Liwekwe stendi za chuma, na kwenye udongo laini kipande cha ubao kiwe chini ya stendi.
3. Oili humwagwa ikiwa ya moto kiasi, siyo ya kuunguza, ndani ya beseni.
4. Filta hufunguliwa, na raba ya zamani huhakikishwa imetoka nayo. Raba ya filta mpya hupakwa oili. Hukazwa kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa.
5. Nati ya sampu hurudishwa na washa mpya.
6. Oili huwekwa, injini huwashwa hadi taa ya oili izime, kisha huzimwa na kupimwa upya baada ya dakika 10.

Siku hiyohiyo, maji humwagwa kwenye filta ya dizeli, hasa kama gari lilijazwa dizeli ya madumu. Filta ya hewa hupulizwa kutoka ndani kwenda nje.

Difu na milima

Kwenye gia boksi na difu, nati ya kujazia hufunguliwa kabla ya ile ya kumwagia. Anayemwaga kwanza kisha akakuta ya kujazia imegoma, hana safari.

Difu nayo ina tundu la kupumulia. Likiziba kwa tope, oili husukumwa kwenye sili hadi kwenye gurudumu. Tairi likiwa na unyevu wa oili upande wa ndani, breki ya hapo si ya kuaminiwa. Kwenye miteremko ya Ngara, gari hilo lisiondoke.

Taa ya oili ikiwaka njiani

Injini huzimwa mara moja, gari likishatolewa barabarani na pembetatu kuwekwa. "Tusogee mpaka Nyakahura" ndiyo safari inayoua krenki. Kama kipimo kimeshuka, huongezwa oili na kuangaliwa inatoka wapi. Kama oili ipo na taa bado inawaka, gari livutwe.

Sili ya nyuma ya krenki, iliyo kati ya injini na gia boksi, ni kazi ya fundi kwa sababu gia boksi lazima ishuke. Vilevile tabo inayopitisha oili, na injini inayotoa moshi kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia oili. Hiyo ya mwisho ni dalili ya ringi za pistoni zilizochoka, na gasketi mpya haitaitibu.

Oili chafu iende wapi

Oili iliyotoka hurudishwa kwenye dumu na kupelekwa gereji inayokusanya. Ikimwagwa chini huishia visimani na kwenye vijito vinavyoingia Mto Kagera au Ziwa Burigi. Kupaka nguzo kuzuia mchwa ni mazoea ya siku nyingi, lakini sumu yake hubaki kwenye udongo na mikononi.

Kwa mwenye gari, kumbukumbu mbili kwenye simu zinatosha: kilomita, na lita zilizoongezwa. Gari lililokuwa likiomba nusu lita kila kilomita 1,000 likianza kuomba lita moja, jibu litafutwe Biharamulo mjini, kabla ya kuingia porini.