Sifuri ya Mwanachuo

Mwaka 2009, nikiwa bado mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja wa sayansi aliniletea kengele aliyoiunda kwa mradi wake wa mwisho. Ndani ya kisanduku cha mbao mlikuwa na chipu moja ya aina ya AVR, swichi ya kubonyeza na spika ndogo. Mwalimu wa zamani wa fizikia hakosi neno. Nikaomba daftari la programu, nikakuta penye mguu wa swichi ameandika 0. Nikaikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika 1. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, Mkuu," akaenda kuibadilisha kwenye kompyuta.

Msomaji anivumilie. Maikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja, na miguu yake mingi haina kazi ya kudumu. Mguu ule ule waweza kusikiliza kama swichi imebonyezwa, ama kusema, yaani kutoa umeme wa kuwasha taa. Mwenye programu huuamuru kwa tarakimu moja tu. Lakini tarakimu gani? Hapo ndipo mabingwa walipotengana.

Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na miguu 16 tu, na mazungumzo na dunia yaliachiwa zaidi chipu za pembeni. Motorola, iliyotoa 6800 mwaka 1974, iliiwekea msaidizi wake 6820 rejista ya mwelekeo: 0 mguu usikilize, 1 useme. Intel, katika chipu yake ya pembeni 8255, ikafanya kinyume. Ilipokuja 8051 mwaka 1980, Intel haikuweka rejista hiyo kabisa. Ukitaka mguu usikilize waandika 1, nao hukaa juu kwa nguvu hafifu, kiasi kwamba swichi ya nje yaweza kuushusha. Chipu za PIC zina rejista iitwayo TRIS, ambamo 1 ni kusikiliza. Wanafunzi hukumbuka kwa urahisi, kwa kuwa 1 yafanana na herufi I na 0 yafanana na O, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya kuingiza na kutoa. AVR, iliyobuniwa na wanafunzi wawili wa Trondheim, Norwe, na kuingia sokoni mwaka 1997, ilishika njia ya Motorola.

Jambo moja wote walikubaliana: chipu ikiamka, miguu hiyo husikiliza kwanza. Mguu unaosikiliza haugombani na mtu.

Kitabu nilichokuwa nacho mimi kilikuwa cha PIC.

Swichi ya kijana yule ilileta volti 5. Mguu, kwa ile 1 yangu, ulikuwa ukisema, na ulichokisema ni sifuri, maana yake umejishikiza ardhini. Nilipobonyeza, volti 5 zilikutana na ardhi bila rezista katikati. Mguu wa chipu ile haupaswi kupitisha zaidi ya miliampea 40. Hapakuwa na moshi wala harufu. Kengele haikulia tu. Nikabonyeza tena na tena, kama afanyavyo mtu mkaidi. Nikaandika kwamba saketi ina kasoro, na alama zikashuka.

Nilistaafu mwaka 2011. Miaka miwili baadaye mjukuu wangu alileta nyumbani ubao wa Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Huko mguu huamriwa kwa neno, si kwa tarakimu. Nikamuuliza, kwa kujionyesha, ni namba gani iliyofichwa nyuma ya neno. Akanifungulia karatasi ya maelezo ya chipu, AVR ile ile, akaniwekea kidole: 1 ni kusema.

Mwaka 2016 kampuni ya Microchip, yenye PIC, iliinunua Atmel, yenye AVR. Ndugu hao sasa wako chini ya paa moja, na tarakimu zao bado zinapingana.

Ilinichukua siku nyingi kuipata namba ya simu ya mwanachuo wangu. Alikuwa akifundisha sekondari. Baada ya shikamoo nikamweleza kosa langu lote, mpaka ile kalamu nyekundu.

"Nililijua tangu siku ile, Mkuu," akasema. "Jioni nilibadilisha chipu, nikarudisha sifuri. Ililia."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza hali ya mama nyumbani.